Zamu ya Kwanza ya Ndiva ya Kirueni

Haya, sogeeni, na anayetafuna atafune polepole. Hadithi ninayo, mwisho wake sina. Mwisho mtanipa nyinyi, na mkishindwa msione haya, maana hata wenyewe kule Kirueni umewashinda.

Kirueni ni kata iliyokaa begani mwa milima ya Upare, na walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Namsifu alikuwa na mkono. Akiinua mzigo wa kuni mara moja tu anakutajia kilo zake, na mizani ikimbishia, watu wanaitilia shaka mizani. Elieneza, fundi wa matofali, alikuwa na jicho la udongo. Anaufinya, anaunusa, anakwambia huu ni wa chungu, huu wa tofali, huu achana nao. Na diwani Kajiru alikuwa na ulimi. Mtu anakuja mkutanoni amekunja uso, anaondoka amejitolea siku mbili za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kata, na njiani anajiuliza imekuwaje.

Nitakaa zaidi na Namsifu, kwa sababu yeye ndiye ninayemwonea huruma. Nimesema mapema ili msije mkasema nimewavizia.

Mumewe, Mbonea, aliondoka miaka sita nyuma. Hawakugombana, la hasha! Ndiva ilikauka. Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo Wapare huliacha lijae maji usiku kucha, kisha asubuhi huzibua kizibo na kila shamba linapata zamu yake. Chemchemi ya Kirueni ilipokufa, shamba la Namsifu likawa vumbi, na Mbonea akateremka hadi Kilombero kulima mpunga kwenye ardhi ya kukodi.

"Siku maji yakirudi, nipigie tu," alimwambia. "Hata nikiwa katikati ya mavuno, naliacha jembe hapohapo."

Tangu siku hiyo Namsifu alipika ugali wa watu wawili, halafu anakumbuka. Akisikia pikipiki inapanda mlima, anasimama mlangoni. Ikipita, anarudi ndani. Alimkumbuka mume wake mpaka anavyokohoa asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Wajane wana siku yao ya kulia, lakini kumtamani mtu aliye hai, jamani, hakuna anayekuja kukupa pole.

Basi mwaka wa pili wa kungoja kwake, halmashauri ikaleta barua kwamba kila kata ipime unyayo wake. Watu walicheka sana. Kuna aliyeuliza kama avue kiatu cha kulia au cha kushoto.

"Cheka, ukimaliza unisikilize," alisema diwani Kajiru. "Unyayo wa kata ni ukubwa wa ardhi na msitu unaohitajika kutubeba sisi na vyote tunavyokula, tunavyochoma na tunavyotupa. Tukijua tunakanyaga pakubwa kiasi gani, tutajua wapi pa kupunguza. Chemchemi yetu haijalogwa. Tumeikanyaga."

Wanaume wakadakia kwamba wanaomaliza msitu ni wanawake na meko yao. Wanawake wakajibu, nisirudie hapa walichojibu, kuna watoto. Diwani akaona bora kupimwe, na kazi akapewa Namsifu.

Sasa, Kirueni lundo la kuni ukutani ndiyo sifa ya mwanamke. Bibi harusi anasifiwa kwa lundo lake kabla hajasifiwa kwa sura. Waliposikia kuni zinapimwa, nani akubali kukutwa na vijiti vitatu? Wakaazimana! Mzigo ukishapimwa nyumba ya juu, unapitishwa uani kwenda nyumba ya chini. Wiki ya kwanza hesabu zikaonyesha kata ile inachoma kuni nyingi kuliko mji mzima. Namsifu hakuelewa, mpaka siku alipoinua mzigo mmoja na kuutua taratibu.

"Mama Eliakunda, huu mzigo tumeshaonana nao."

"Wapi tena, mwenzangu? Kuni si zinafanana?"

"Kilo ishirini na tatu, na umeelemea kushoto. Juzi ulikuwa kwa wifi yako, jana kwa mkweo. Unatembea kuliko mimi."

Mama Eliakunda alijifunika khanga usoni akacheka hadi machozi, na Namsifu akaanza upya, nyumba kwa nyumba. Alipima kuni na mkaa. Alipima takataka zilizotupwa korongoni, na magunia ya mahindi yaliyopandishwa kwa lori kwa sababu mashamba yamekauka. Mwisho akapanda hadi kwenye matanuri ya matofali, ambayo hakuna aliyewahi kuyawaza, yaliyokuwa juu kando ya chemchemi kwa kuwa huko ndiko kwenye udongo mzuri. Miezi miwili miguu yake ilivimba. Alipoleta majibu, aliyasoma mbele ya baraza: kata ina mlima mmoja, inaishi kama yenye mitatu, na zaidi ya nusu ya kuni haiendi mekoni. Inaingia kwenye matanuri.

Wanawake walipiga vigelegele. Elieneza aliinamisha kichwa, kwani matanuri makubwa mawili yalikuwa yake.

Hakuna aliyemlazimisha huyu Elieneza, naomba mlishike hilo. Siku ya tatu alipanda na nyundo, akayabomoa yote mawili kwa mikono iliyoyajenga. Kisha akaanza kutafuta tofali lisilohitaji moto. Udongo huu na ule, saruji kidogo, anashindilia, anaanika kivulini. Yakapasuka. Akabadili mchanganyiko, yakapasuka tena. Mwaka mzima hakuuza tofali hata moja. Mbuzi wakaisha, na mke wake akachukua watoto akarudi kwao, akasema atarudi siku nyumba itakapokuwa na chakula. Elieneza aliendelea mpaka tofali likashika. Akaongeza na jiko la udongo linalokula nusu ya kuni, akajengea kila nyumba ya Kirueni bila kudai senti.

"Fundi, huchoki?" Namsifu alimuuliza siku alipokuwa akimjengea lake.

"Nachoka, dada. Lakini moto wangu ndio uliompeleka mumeo Kilombero. Nitakutazamaje usoni?"

Namsifu alimletea maji ya kunawa.

Lakini matanuri hayakuwa ya Elieneza peke yake. Wenzake saba waligoma kubomoa yao, na mmoja wao alikuwa kaka yake diwani, tumbo moja. Hapo ndipo ulimi wa Kajiru ulipofanya kazi. Alisimama kwenye vikao vya kata, akasimama halmashauri, mpaka sheria ndogo ikapita: hakuna tanuri, hakuna shoka, hakuna mifugo ndani ya hatua mia mbili kutoka kwenye chemchemi, na kila nyumba ipande mikuyu pale. Tanuri la kwanza kufungwa lilikuwa la kaka yake. Ukoo ukaacha kumsalimia. Uchaguzi ulipofika, kata ikampa kiti mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata Kajiru alionekana kwenye msaragambo, si mheshimiwa tena, anachimba mashimo ya mikuyu pamoja na watu waliomnyima kura. Nyumbani alikuwa na mama yake mgonjwa, aliyekataa kila chakula na kuomba kimoja tu, magimbi ya mfereji wao wenyewe. "Subiri mama, maji yanakuja," alimwambia kila jioni.

Mwaka wa nne tangu kipimo cha kwanza, unyayo ukapimwa tena. Mitatu ikawa mmoja na kipande. Chemchemi ikaanza kulowa, kisha ikatiririka kama uzi. Na Alhamisi moja asubuhi watu walipofika ndiva, walikuta maji. Watu wazima walilia pale. Namsifu alichota kiganjani, akanywa, akachota tena.

Ila sikilizeni. Chemchemi ilikuwa bado changa, na msimu ule maji yangetosha mfereji mmoja, shamba moja. Najua mnachonong'ona, "Si wagawane?" Ukiyagawa mara tatu, mifereji iliyokauka miaka sita inayanywa yote kabla hayajafika shambani, hakuna anayepata hata tope. "Basi wapewe kwa zamu, mwaka huu huyu, mwakani yule?" Subirini.

Mama Nietiwe, mwenyekiti wa ndiva, aliwaita wote watatu mbele. "Kata imeamua zamu ya kwanza iwe zawadi ya aliyeyarudisha maji. Semeni wenyewe."

Elieneza alisema, "Nilichokuwa nacho nilikibomoa. Mke wangu alisema kwao wanamtafutia pa kuanzia maisha mengine. Nikivuna mwaka huu, nitakwenda kumchukua. Mwakani sitakuwa na wa kumchukua."

Kajiru, mwenye ulimi, siku hiyo alisema machache. "Mama yangu hana msimu mwingine."

Namsifu alikuwa ameshika simu. Asubuhi ile Mbonea alikuwa amemwandikia: mwenye ardhi kule Kilombero anataka asaini mkataba wa miaka kumi, na jibu analitaka Ijumaa. Je, shamba letu litapata maji?

Alimtazama fundi, akakumbuka alivyoyabomoa matanuri yake. Alimtazama Kajiru, akamwona mama yule kitandani. Moyo wake ulitaka kusema, wapeni hao. Mdomo ulikataa. Miaka sita alikuwa amesimama mlangoni.

"Sitaki kuwadanganya," alisema. "Nayataka. Nawaonea huruma wote wawili, na bado nayataka. Nimemngoja mume wangu mpaka nimeanza kusahau sura yake, na hiyo inanitisha kuliko njaa. Nisingepima, mngekuwa bado mnagombana juu ya meko."

"Nisingebomoa, ungepima hadi leo," alisema Elieneza taratibu.

"Na nisingefunga yale mengine," alisema Kajiru, "mngebomoa na kupima, na chemchemi ingekuwa vumbi."

Hakuna aliyesema uongo. Mama Nietiwe aliweka mkono kwenye kizibo, akageuka kuwatazama watu, na watu wakatazama chini. Mpaka naondoka Kirueni mkono ulikuwa bado pale.

Haya, nyinyi hamkupoteza kitu, hamna wa kumpendelea. Wekeni mkono kwenye kizibo. Mngelifungulia maji shamba la nani? Na hao wawili wengine, mkiwa mmesimama nao pale pale maji yakipita, mngewaambia nini?