Ramani Isiyo na Jina

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu wake bado wanakunywa chai na kubishana, usiku mmoja kijijini Kwembalu ulisikika mlio mmoja. Ngeee! Mmoja tu, kisha kimya.

Ulikuwa mlio wa kengele ya shule, na kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo. Kengele ya shule hailii usiku. Kwa hiyo waliolala wakaamka, waliokuwa macho wakasimama, na wote wakapandisha kilima cha shule mbio, mwingine na kiatu kimoja, mwingine na kanga ya mkewe. Walichokikuta huko juu nitawaambia. Kwanza mjueni Bi. Nakundwa.

Bi. Nakundwa alikuwa mshauri wa ulinzi wa watoto katika tarafa ile. Alikuwa na shule kumi na moja na pikipiki moja. Hakuwa na rungu, hakuwa na pingu, hakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kazi. Kazi yake ilikuwa kushauri. Alifika shuleni, akakaa na walimu, akauliza: kisima kina mfuniko? Choo kina komeo la ndani? Mtoto akiumizwa, anajua amwambie nani? Walimu wakamjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bi. Nakundwa akaandika ndiyo zote tatu, akashukuru kwa chai, kisha akaenda kuwauliza watoto.

Na watoto hakuwauliza kwa mdomo. Aliwagawia karatasi na penseli nyekundu.

"Chora shule yako," aliwaambia. "Mahali unapopaogopa, paka nyekundu. Usiandike jina. Nikiona kuna hatari nitatafuta msaada, hilo siwafichi. Lakini jina la aliyenichorea halitatoka mdomoni mwangu mpaka mwenyewe aniruhusu."

Watoto wakachora. Huko Kwembalu, ramani ya kwanza ilimpaka nyekundu beberu wa mwalimu wa hesabu. Ramani ya pili ilimpaka nyekundu mwalimu wa hesabu mwenyewe. Beberu akafungwa kamba, mwalimu akaombwa apunguze sauti, na kila mtu akacheka, hata mwalimu, ingawa alichelewa kidogo kuanza.

Lakini ramani moja haikuchekesha. Ilionyesha chumba cha mwisho, kile walicholala wasichana thelathini na mmoja wa darasa la saba. Walikuwa kambini, maana huko Kwembalu mtihani ukikaribia, darasa la saba huhamia shuleni na magodoro yao na kusoma mchana na usiku. Madirisha ya chumba kile yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa mmoja. Na juu ya mlango, kwa nje, mchoraji alichora kufuli, akalipaka nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Bi. Nakundwa akaenda kuutazama mlango. Hapakuwa na kufuli. Akautazama tena. Hapakuwa na kufuli. Mwaka ule wakaguzi walikuwa wamekuja mara mbili, na wao pia hawakuona kufuli. Wote walikuja mchana. Kufuli lilifungwa saa tatu usiku na kufunguliwa alfajiri, na mchana kutwa lilikaa mfukoni mwa koti la Mwalimu Mkuu Shemhilu.

Msimdhanie vibaya Mwalimu Shemhilu. Aliwapenda watoto wale kuliko usingizi wake. Mwaka uliopita wasichana wawili walitoroka kambini kwenda kucheza ngoma ya harusi, na wazazi walimjia juu siku tatu mfululizo. Tangu hapo akasema hatatoka mtu na hataingia mtu. Bi. Nakundwa alimweleza kwamba mlango unaofungwa kwa nje haumlindi aliyemo ndani. Akaiweka ramani mezani. Mwalimu Mkuu aliitazama kwa muda mrefu sana, muda wa chai kupoa. Kisha akasema amesikia, na kwamba ataliondoa kufuli mtihani ukiisha.

Mtihani ulikuwa bado siku kumi na mbili.

Basi Bi. Nakundwa akamtafuta Mwalimu Zaina, mlezi wa kambi, ambaye ndiye aliyekuwa akifunga mlango kila usiku kwa amri ya mkubwa wake. Akamweleza yale yale. Akamwambia pia kwamba ameshamwandikia ofisa elimu barua, na barua ina mwendo wake. Mwalimu Zaina alikuwa na miezi minne tu kazini, bado hajathibitishwa. Akauliza, "Kwa hiyo Bi. Mshauri, unaniamuru nisifunge?"

"Siwezi kukuamuru, mdogo wangu. Mimi nashauri. Mkono ni wako."

Sasa sikilizeni mkono huo ulifanya nini. Usiku ule, saa tatu, Mwalimu Zaina alichukua kufuli kwa Mwalimu Mkuu, akaenda mlangoni, akalibana hewani. Kwa! Akalitia mfukoni. Mwalimu Mkuu, nyumbani kwake hatua ishirini kutoka pale, akasikia ile "kwa!", akageuka upande wa pili, akalala. Usiku wa pili, kwa! Akalala. Usiku wa tatu, kwa! Akalala. Usiku tisa kufuli lilifunga hewa, na usiku tisa Mwalimu Mkuu alilala kama mtoto aliyeshiba. Wasichana wenyewe walisikia ile "kwa!", wakaamini wamefungiwa.

Usiku wa kumi, msichana mmoja aliwasha mshumaa ndani ya chandarua ili asome sayansi. Sayansi ikampeleka usingizini. Mshumaa haukulala.

Mlinzi wa shule, Mzee Shekiondo, aliona mwanga mahali pasipo na taa. Akakimbilia kengele, akaipiga kwa nguvu zake zote mara moja. Ngeee! Mnyororo wa kutu ukakatika, rimu ikaanguka, ikamwangukia kidole gumba cha mguu. Hakupiga tena kwa sababu hapakuwa na cha kupiga. Akachechemea mpaka chumbani akipiga kelele.

Ndani, moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa magoti. Kengele iliwaamsha. Thelathini na mmoja wakaukimbilia mlango wakiamini umefungwa, wa mbele wakagonga kwa ngumi, wa nyuma wakasukuma kwa mabega, na mlango ukafunguka kirahisi tu, wakamwagika nje kama viazi kutoka kwenye gunia. Waliopandisha kilima walikuta magodoro yanaungua, wasichana wanakohoa, na Mwalimu Mkuu katika nguo ya kulalia akihesabu. Alihesabu thelathini na mmoja. Akahesabu tena, thelathini na mmoja. Akahesabu mara ya tatu, mpaka mama mmoja akamwambia, "Baba, wamefika wote, sasa jihesabu na wewe."

Wazazi wakafurahi. Katika furaha ile wakatoa mtamba mmoja wa ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe, wakasema ni wa yule aliyewaokoa watoto. Wakaitisha mkutano, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mzee Shekiondo alisimama kwanza, mguu umefungwa kitambaa. Alisema, "Mlango uwe wazi, uwe umefungwa, aliyelala katika moshi haufungui. Niliwaamsha mimi. Mlio mmoja, na kijiji kizima kikaamka. Mtamba ni wangu."

Kijana mmoja akamuuliza kama huo mlio mmoja hakuupiga akiwa ndotoni. Mzee akamjibu kwamba kidole chake kilikuwa macho, na kama anataka ushahidi aje akiguse. Watu wakacheka. Lakini wengi wakaitikia, anastahili.

Mwalimu Zaina akasimama. Alisema, "Unaweza kumwamsha mtu, babu yangu, na bado akafia mlangoni. Bi. Mshauri aliponieleza habari ya ramani ya mtoto na kufuli lake jekundu, nilimdanganya mkubwa wangu usiku kumi mfululizo. Kama mtoto mmoja angetoroka, leo ningekuwa sina kazi, na pengine ningekuwa mahabusu. Mlango niliuacha wazi mimi. Mtamba ni wangu."

Wengi wakaitikia, anastahili. Wachache wakanung'unika kwamba anayedanganya hapewi zawadi, na mzee mmoja akauliza kwa nini hakuwanong'oneza hata wasichana wenyewe. Mwalimu Zaina akasema siri ya wasichana thelathini na mmoja ingefika nyumbani kwa Mwalimu Mkuu kabla kufuli halijarudi. 

Ndipo mama wa msichana wa mshumaa akasimama. Akauliza, "Mwalimu Zaina, bila ramani ile ungejuaje hatari ya kufuli? Na Bi. Mshauri, wewe ungejuaje? Wakaguzi walipita hawakuona, sisi wazazi tulipita hatukuona. Aliyeona ni mtoto aliyechora. Mtamba ni wake. Tuambieni ni nani."

Mkutano mzima ukageuka. Tuambie, Bi. Nakundwa. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Mbaruku, akasema kwa upole kwamba hatari imekwisha, na sasa jina ni la heri. Mwingine akasema mtoto anadhulumiwa mtamba kwa ukaidi wa mtu mzima. Wa tatu akasema labda ramani hiyo aliichora mshauri mwenyewe. Na madirishani vilijaa vichwa vya watoto wa Kwembalu, hawamtazami mtamba wala mwenyekiti. Walimtazama mtu mmoja tu, waone atafanya nini.

Bi. Nakundwa alisema, "Nina shule kumi na moja. Nikilitaja jina moja leo, hata kwa heri, kesho nitaokota karatasi nyeupe shule zote kumi na moja. Mimi siutaki mtamba. Na jina silitoi."

Wakasema basi mtoto atakosa. Akasema, kama hataki mwenyewe, atakosa. Wakasema huo si uungwana. 

Hapo Mwalimu Mkuu Shemhilu akasimama. Alikuwa amekaa nyuma, mahali ambapo wakubwa hawakai.

"Mimi jina nalijua," alisema. "Nililijua siku ile ile ramani ilipowekwa mezani. Mlango ule, jinsi ulivyochorwa, mkono uliouchora nauona nyumbani kwangu kila siku. Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikala, nikanyamaza. Sikuuliza, sikuadhibu, na kufuli sikuliondoa. Mtamba mimi sistahili hata ukwato wake. Lakini jina naweza kulisema, ili aliyestahili apate."

"Mwalimu, tafadhali," alisema Bi. Nakundwa. "Si lako hilo. Wala si langu."

Mwalimu Mkuu akaketi.  Kwenye benchi la wasichana wa darasa la saba, mmoja akainuka, akavuta sketi yake ikae sawa. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Mwalimu Mkuu.

"Ni mimi, baba," alisema. "Mimi Namsifu Shemhilu."

Basi, wenzangu mliokaa hapa, mtamba ni mmoja na hagawanyiki akiwa hai. Yupo aliyeamsha, na bila yeye wangelala moja kwa moja. Yupo aliyeacha wazi, na bila yeye wangeamka bure. Yupo aliyechora kufuli la baba yake na kulipaka nyekundu. Na yupo aliyekataa mtamba, akakubali kuitwa mkaidi na mwongo, ili neno lake kwa watoto libaki neno. Kamba anayo Mwenyekiti mkononi, na mnyama ameanza kula maua ya shule. Semeni haraka.

Je, nani alistahili?