Konokono Ambusu Chewa

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa wakiamkiana kama sisi, mwambani alikaa Chewa, mkubwa wa mwili na mkubwa wa majivuno. Sogeeni, wanangu. Koo langu si la kukodi, sitapiga kelele.

Kila asubuhi Chewa alitaka wadogo wote waende kumwamkia na kumbusu pezi. Wa mwisho kufika alimezwa. Kumbe ndicho kifungua kinywa chake, jitu lile lisilo haya!

Siku moja Bi Kikande, samaki mdogo wa mwamba uo huo, alichelewa, alikuwa akilinda mayai yake. Akaja mbio, analia, "Ole wangu! Wanangu wataanguliwa wasimwone mama!"

"Nyamaza, jirani," ikasema sauti mchangani. Alikuwa Konokono wa baharini, mwenye kombe la madoadoa na mguu mmoja tu. "Tangulia wewe. Wa mwisho leo ni mimi."

Sasa, Konokono huyo alikuwa na mwiba wa sumu, kauficha ndani ya mdomo wake mrefu kama mrija. Chewa hakujua. Angejuaje, na hajawahi kumuuliza mtu habari zake?

Konokono akajivuta, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Chewa!"

"Marahaba. Umechelewa!"

"Kweli, mzee. Nimeze tu, sina kinyongo. Ila kwetu kumbusu mkubwa pezi ni utovu wa adabu. Sisi tunambusu mdomoni."

"Enhe!" Chewa akavimba kichwa. "Mnasikia, nyie washenzi? Haya, busu!"

Akauleta mdomo. Mrija ukatoka polepole, ukagusa. Chwa!

"Alaa! Mbona wanichoma?"

"Mapenzi hayo, mzee."

Chewa akaachama ammeze. Lo! Mdomo ukafa ganzi, haufungiki. Akataka kutukana, ikatoka "Bwoo! Bwoo!" Samaki wakacheka mpaka wakapaliwa. Vidagaa wakaingia na kutoka kinywani mwake kama nyumbani kwa shangazi yao. Bi Kikande akapita mbele yake taratibu, makusudi kabisa, akarudi kwenye mayai yake.

Siku tatu Chewa alishinda na njaa. Ya nne, asubuhi, Konokono akasikia mtu akiita kwa mbali.

"Shikamoo, Konokono!"

Ni Chewa, kajibanza nyuma ya jiwe!

"Marahaba, mwanangu. Mbona huko? Njoo tubusiane."

"Aa, hapa hapa panatosha!"

Basi, wanangu, heshima haichukuliwi kwa nguvu.