Jani Lililoliwa Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge, kama mmelala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni kuni. Na wewe unayepiga miayo, kapige nje.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi tatu: Mbugani, Bondeni na Milimani. Katikati yake ulisimama mlima usio na mwenyewe, Mlima Kibogoyo. Mwaka mmoja moto uliteketeza nyika yote, swala na pofu, wale jamaa wakubwa wa swala, wakakimbilia pango la mlima ule. Fisi nao, wajuao kunusa shida ya mwenzao, wakaja wakakaa njiani. Mto ulikuwa mwendo wa siku nzima, na waliomo pangoni hawakuwa na tone la maji.

Wafalme watatu wakakutana. Mbugani wakatoa pembe: Jemadari Mbogo na mashujaa arobaini. Milimani wakatoa punda kumi na vibuyu thelathini vya maji. Bondeni wakamtoa Bi Yangeyange, yule ndege mweupe, mganga na msemaji, maana alijua lugha za nchi zote tatu. Kisha wote wakala kiapo: "Pembe na vibuyu ni safari moja. Asitangulie mtu."

Na dasturi ya nchi zile mnaijua? Hamuijui, ndiyo maana naieleza. Ajaye kwa heri hushika jani bichi kinywani. Ajaye bila jani amekuja kupigana, hata awe shemeji yako.

Sasa huyu Mbogo alikuwa na jambo lake moyoni. Mle pangoni alikuwamo Mama Pofu, aliyemnyonyesha alipofiwa na mama yake mzazi, angali ndama wa siku mbili. Alitaka mama huyu atoke, amwone yeye, amsifu yeye. Yeye peke yake!

Siku ya kuondoka raia walijipanga njiani. "Bi Yangeyange, tuletee ndugu zetu! Bi Yangeyange, Mungu akulinde!" Alipopita Mbogo, wakanyamaza, wakavuta watoto wao pembeni. Kwa wivu Mbogo akanung'unika: "Mimi nina pembe, yeye ana manyoya. Kwa nini aimbiwe yeye?"

Njiani punda wakatunga wimbo wa Bi Yangeyange, wakauimba kutwa. Mbogo akanung'unika tena: "Mimi nina pembe, yeye ana manyoya. Kwa nini aimbiwe yeye?"

Siku ya pili hata mashujaa wake mwenyewe wakapanga foleni kwa Bi Yangeyange kutolewa kupe na miiba. Mbogo naye alikuwa na mwiba kwatoni, lakini autoe nani, yule ndege? Thubutu! Akawa anachechemea na kiburi chake. "Mimi nina pembe, yeye ana manyoya. Kwa nini aimbiwe yeye?"

Siku ya tatu, alfajiri, akawaamsha mashujaa. "Twendeni. Hao wa vibuyu watatukuta."

"Jemadari, na kiapo?"

"Kiapo kina pembe?" akafoka. Wakaondoka.

Kwa vita tumpe haki yake, alikuwa dume. Vumbi likatimka, fisi wakafyata mikia, wakatawanyika. Mbogo akang'ata jani bichi, akapanda pangoni peke yake, kifua mbele.

Lo! Mwenzenu ni mla majani tangu kuzaliwa. Hatua kumi, jani limekwisha! Akatokea mlangoni na pembe tupu, povu la vita mdomoni. "Tokeni! Nimewakomboa!"

Mara, gu! Jiwe likaviringishwa kutoka ndani, pango likafungwa.

Akashuka, akachuma jani la pili. Akalitafuna. La tatu hakufika nalo hata kwenye kona.

Alipokuwa anatafuta la nne, akasikia makelele chini. Fisi walikuwa wamezunguka, wamewakuta punda hawana mlinzi hata mmoja.

Nitawaambia kweli yake, maana sipendi hadithi za kupakwa mafuta. Neno la kwanza lililomjia Mbogo lilikuwa hili: "Na waliwe, nione nani ataimbiwa." Lilimjia, likakaa. Kisha akakumbuka kiu ya Mama Pofu, na maji yaliyokuwa katika vile vibuyu. Akateremka mbio, akiwaita mashujaa.

Fisi wakakimbia tena, lakini vibuyu thelathini vilikuwa vimebaki vitatu. Bi Yangeyange alikuwa amenyofolewa bawa moja manyoya, damu inamtoka.

"Jemadari," akasema, "jani lako liko wapi?"

Mbogo akatazama chini. "Nimelila."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Ndege akacheka, na huku anaumwa. "Haya, jani nitashika mimi. Ila kwa bawa hili sifiki juu. Inama."

"Nikubebe? Mbele ya jeshi langu?"

"Basi niache. Ila mama yako anangoja maji."

Akainama. Wivu ulikuwa bado unamchoma, msidhani ulimtoka; alipanda mlima nao. Lakini alipanda, ndege katikati ya pembe, jani mdomoni mwa ndege, mashujaa wamewazunguka punda na vile vibuyu vitatu. Jani likaonekana kwenye ufa wa mlango. Jiwe likasogea.

Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja funda moja la maji. Mama Pofu alitoka wa mwisho, ngozi na mifupa. Wenzake walikuwa wameshaanza kumwimbia Bi Yangeyange. Mbogo akashindwa kuvumilia.

"Mama, fisi niliwafukuza mimi! Nilikuja mapema, mpumbavu mmoja akanifungia mlango."

"Si mpumbavu," akasema Mama Pofu. "Ni mimi."

"Mama! Hukuijua sauti yangu?"

"Niliijua, mwanangu. Nimekunyonyesha, nitakosaje kukujua? Nikachungulia, nikaona pembe, jani sikuliona. Nikasema, leo mwanangu amekuja kutumaliza. Nikalisukuma jiwe kwa nguvu zangu za mwisho."

Mbogo akapiga magoti pale pale mbele ya jeshi lake, akanyoosha mguu, akamwambia Bi Yangeyange, "Nitoe huu mwiba, dada yangu."

Tangu siku hiyo, umwonapo mbogo, mtazame mgongoni: yangeyange yupo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango. Mwenye jani alishike, asilitafune. Haya, nani anaongeza kuni?