Picha ya Mwisho ya Mzee Kinyonga

"Ngano, ngano!"

"Ije tuione!"

"Ina mkia mrefu."

"Tutaushika!"

"Na atakayesinzia?"

"Ataukanyaga!"

Haya. Hapo kale wanyama walikuwa na banda lao la picha kando ya mto. Banda la makuti, ndani giza, mbele shuka jeupe. Mwenye banda alikuwa Bwana Kiboko. Mwongozaji wa picha alikuwa Mzee Kinyonga. Na wa kufua lile shuka, kushona mavazi ya wachezaji na kupiga kelele "Kimyaaa!" kabla kamera haijaanza, alikuwa Mama Kindi, mwenye watoto wanne na mume aliyekwenda kutafuta karanga akapotelea huko huko.

Kiingilio kilikuwa chakula. Leta tikiti, ingia. Leta mahindi, ingia. Njoo mikono mitupu, kaa nje usikie wenzako wanavyocheka. Na chakula chote kilikwenda wapi? Kwa Bwana Kiboko. Ngwamu! Ngwamu! Hata maganda hakubakiza.

Mzee Kinyonga alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na kila mnyama aliijua. Kamera ikishaanza, hakuna kutikisika mpaka yeye mwenyewe aseme "Kata." Na kusema "Kata" hakuwa na haraka. Alipopiga picha ya Yungiyungi, alimsimamisha Korongo majini kwa mguu mmoja tangu ua lilipofumba mpaka lilipofumbua, na Korongo mpaka leo mguu wa pili hajaushusha vizuri. Swala yeye alijikuna katikati ya picha. Mara moja tu, kidogo tu, nyuma ya sikio. Akatolewa, nafasi yake ikachezwa na kichuguu, na watazamaji wakasema kichuguu kimecheza vizuri zaidi.

Basi siku moja, watu wametoka bandani wanafikicha macho, Mzee Kinyonga akapanda juu ya kigogo. Akanyata, akatulia. Akanyata, akatulia. Akasema, "Wapenzi wangu, nimechoka. Jicho langu la kushoto haligeuki tena. Nataka nirudi kwenye mti wa kwetu, nikae."

Wapenzi wake wote wakasema kwa pamoja: "Moja tu, Mzee! Moja tu ya mwisho!"

Na tangu hapo hapakuwa na mazungumzo mengine kando ya mto.

"Mimi habari nimezipata ndani kabisa," alisema Nyani. "Ya mwisho ni ya vita."

"Vita?" Kanga akacheka mpaka madoa yake yakatingishika. "Mzee na vita wapi na wapi? Ni ya harusi. Alimwangalia sana shemeji yangu siku ile anachezwa ngoma."

"Shemeji yako! Kwa sura ile?"

"Sura ile ile, na wewe usiyekuwa na nywele makalioni unyamaze."

Kobe alikuwa amejilaza kando. "Hastaafu huyu," akasema. "Kiangazi kilichopita alistaafu. Cha kabla yake alistaafu. Mimi nimemlilia mpaka machozi yamekauka, safari hii sitoi hata tone."

"Lakini moja atatupa," alisema Nyani.

"Moja tu," alisema Kanga.

Mama Kindi alikuwa anaanika shuka, akiwasikiliza. Na yeye, tuseme kweli, alikuwa anaitaka hiyo moja. Watoto wake walikulia katika picha za Mzee. Siku ambazo ndani hamna kitu, aliwapeleka bandani wakakaa chini ya shuka, wakasahau njaa mpaka jua linazama. Lakini yeye ndiye aliyempaka Mzee dawa ya jicho asubuhi. Alikuwa ameona jinsi anavyolitafuta tawi kwa mguu kabla ya kulikanyaga.

Bwana Kiboko naye aliposikia habari ya kustaafu, alikuja. Ndi! Ndi! Ndi! Ardhi ikatetemeka.

"Nani amestaafu?" akauliza.

"Mimi, bwana," alisema Mzee Kinyonga.

"Aliyekuruhusu nani? Wewe ukistaafu, mimi nitakula nini? Hao nje wanataka moja. Wape moja. Wakimaliza watataka nyingine, wape nyingine. Kazi hapa haiishi."

Akalala mlangoni, akaziba mlango wote.

Siku ya kwanza Mzee Kinyonga alijaribu kutoroka. Akanyata, akatulia. Akanyata, akatulia. Kiboko alipozinduka usingizini alimkuta pale pale kizingitini, mguu mmoja bado uko hewani.

"Unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakuja," alisema Mzee.

"Safari nyingine nitakukanyaga. Na wewe ukikanyagwa, hubaki hata rangi."

Mama Kindi akatoka akawaendea wapenzi. "Jamani, Mzee amefungiwa. Njooni tumtoe. Sisi ni wengi, Kiboko ni mmoja."

Nyani akakuna kichwa. Kanga akaangalia miguu yake.

"Ni vibaya," alisema Nyani. "Vibaya sana. Ila Mama Kindi, akiwa ndani si ndiyo atatengeneza ile moja?"

"Tumtoe akishamaliza," alisema Kanga.

Mama Kindi alirudi akifikiri. Kiboko ana tumbo, na tumbo linajulikana mwisho wake. Hata likiwa kubwa, kuna mahali linajaa. Lakini hawa wanaompenda Mzee, hamu yao haina mwisho. Kiboko amelala mlangoni, kweli, ila kufuli ni wao. Na ufunguo wa kufuli la namna hiyo hauwezi kuwa ngumi. Lazima wapewe kitu cha kutazama.

Asubuhi akamwendea Kiboko, mkia juu, amekunja mikono kifuani kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Picha ya mwisho ipo. Mzee ameshaitunga. Tatizo ni mchezaji. Anaona haya kumwambia."

"Haya ya nini? Niambie ni nani huyo, nimlete kwa sikio."

"Ni wewe, bwana."

Kiboko akafumbua jicho la pili. "Mimi?"

"Wewe. Mchezaji mkuu."

"Nilijua," alisema Kiboko. "Siku zote nilikuwa najiuliza, hivi huyu mzee haoni? Nani mwingine yumo?"

"Hayumo mwingine. Mwanzo mpaka mwisho ni wewe."

"Kuna mahali nakula?"

"Mbele huko. Kwanza kuna ile sehemu ya mfalme wa mto. Mfalme amekaa majini, maji yamefika machoni, anawaza."

"Nawaza nini?"

"Mzee hakusema. Alisema uso wako unatosha."

Kiboko akalipenda neno hilo, akalirudia polepole. "Uso wangu unatosha. Na kamera itakuwa wapi?"

"Mbali, kule kwenye mianzi. Wewe mkubwa, bwana. Kamera ikikaa karibu italipata sikio tu."

"Na Mzee mwenyewe nitamwona?"

"Ah! Lini umemwona Mzee akiwa kazini? Akiwa kwenye mwanzi ni mwanzi, akiwa kwenye jani ni jani. Na ukigeuka kumtafuta, umeharibu. Unamkumbuka Swala?"

"Namkumbuka," alisema Kiboko. "Mimi sijikuni."

Akainuka mlangoni. Ndi! Ndi! Ndi! Akaingia mtoni. Chubwiii! Akazama mpaka yakabaki masikio, macho na pua.

Mama Kindi akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti ile ambayo mto wote uliijua: "Kimyaaa!"

Mto ukanyamaza. Hata vyura.

Kisha akakimbia bandani. "Mzee, nenda."

"Nitembee?"

"Tembea."

"Na yule?"

"Yule anafanya kazi."

Mzee Kinyonga akanyata, akatulia. Akavuka kizingiti. Akanyata, akatulia. Mama Kindi akamwambia, "Panda mgongoni, nikubebe, tutafika kabla ya jua kupanda."

"Ukikimbia na mimi sitaona kitu," alisema Mzee. "Na jicho limebaki moja."

Basi wakaenda kwa mwendo wake. Jua likapanda, likawakuta kwenye nyasi. Jua likainama, likawakuta kwenye nyasi. Nyuma yao Kiboko alikuwa amekaa majini anawaza. Jua likamchoma kichwa, hakutikisika. Inzi wakamtambaa puani, hakutikisika. Tumbo likanguruma, grrrum, akalikaripia kimoyomoyo kwamba linaharibu picha.

Walipofika chini ya mti wa kwao, Mzee akashika gome, akaanza kubadilika rangi kidogo kidogo. Mama Kindi alijua ukibanduka hapo hutamwona tena. Na kweli alikuwa ameapa hatauliza. Lakini na yeye alikuwa mpenzi kama wapenzi wengine.

"Mzee, nisamehe. Ingekuwa ya nini?"

"Ipi?"

"Ya mwisho."

Mzee Kinyonga akaligeuza jicho lake zima, akamtazama muda mrefu, kama alivyozoea kuwatazama wachezaji.

"Sikuwa nayo, mama," akasema. "Kichwani hamna. Vita vya Nyani, harusi ya Kanga, nimezisikia zote kule ndani. Zilikuwa nzuri kuliko ambazo ningeweza. Nikaogopa kutoka niwaambie hamna."

Akanyata. Kisha lilikuwa gome tu.

Mama Kindi alirudi peke yake kwa mwendo wa upesi, maana watoto walikuwa hawajala. Hakulia. Alifikiri tu kwamba siku hizo zote mlango umezibwa, watu wamegombana, mzee wa watu ameponea chupuchupu kukanyagwa, kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Na kwamba yeye hatamwambia mtu.

Alipofika mtoni akakuta ukingo wote umejaa. Nyani yupo, Kanga yupo, Kobe ametafuta mahali pazuri mbele. Kila mmoja amekuja na chakula cha kiingilio, na kwa kuwa mpokea kiingilio alikuwa majini anacheza, wanakula wenyewe.

"Mama Kindi, karibu mahindi," alinong'ona Kanga. "Imeshaanza kitambo. Ee, tazama macho yale! Ni ya mapenzi hii."

"Mapenzi wapi?" alinong'ona Nyani. "Hapa Mzee anasema juu ya utawala. Mfalme amezama, ila hajui kama amezama. Imenigusa."

"Nilisema hastaafu," alisema Kobe, na machozi yanamtoka.

Kutoka majini ikaja sauti nyembamba, midomo haifunguki: "Mama Kindi. Bado?"

"Shh! Bwana, ndipo pananoga hapo. Giza likiingia toka ule, maana usiku picha haishiki. Alfajiri urudi. Pale pale, uso ule ule."

"Mzee amesemaje?"

Mama Kindi aliutazama ukingo mzima, akawatazama wanavyotafuna, wanavyonong'onezana, walivyoridhika. Akawatazama na wanawe, wameshiba, wamelaliana.

"Amesema hajawahi kupata mchezaji kama wewe."

Kiboko akazama kidogo zaidi ili kuficha furaha.

Na mpaka leo, mchana kutwa, yumo majini, masikio, macho na pua, anasubiri aambiwe "Kata." Usiku hutoka kula. Alfajiri hurudi pale pale. Ukipita usimwite, utamharibia.

Ngano imekwisha kutembea. Kama ni tamu, kaeni nayo mlale. Kama ni chungu, mpeni jirani.

Na funzo, maana ngano bila funzo wakubwa husema ni kelele: watoto, msiwe waongo, mwongo hafiki mbali. Kama mna shaka muulizeni Mama Kindi, hakufika mbali hata kidogo. Yupo pale pale mtoni, kwenye kivuli, anatafuna mahindi. Na ukipewa kazi, usiiache mpaka mkubwa wako akuruhusu. Tazameni Bwana Kiboko: hajakosa kazini hata siku moja, na wote tunakubali kwamba ni mchezaji hodari.