Semeni wa Ngiri na Shule ya Jabalini

Paukwa!
"Pakawa!"
Mwenye mtoto anisikilize!
"Twakusikiliza!"
Na asiye naye?
"Asikilize vilevile, atampata!"

Hapo kale palikuwa na Ngiri, yule nguruwe wa mwituni mwenye meno yaliyochomoza. Nguvu alikuwa nazo. Tamaa ndiyo iliyomzidi, na si tamaa ya chakula, bali ya sifa. Alitaka akipita njiani waseme, "Huyo ndiye Baba Semeni!"

Semeni alikuwa binti yake wa pekee. Mambo yote ya kwao aliyajua: kupiga magoti akila majani, kuchimba mizizi chaka-chaka-chaka, na kuingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili meno yabaki mlangoni kumngoja adui. Ngiri wote huingia hivyo tangu enzi za mababu.

Juu ya jabali aliishi Pimbi, kanyama kadogo kasiko na mkia, kanakomwogopa Chui kuliko kitu chochote. Siku moja akatangaza, "Nimefungua shule. Haichukui kila mtu."

Maneno hayo tu yalimkosesha Ngiri raha. Akampeleka Semeni. Semeni akapanda jabali, kwaru, kwaru, kwaru... porooo, pu! Yuko chini.

"Huyu hatufai," akasema Pimbi. "Shule yetu haichukui kila mtu."

"Tutarudi, mwalimu."

Wakarudi. Kwaru, kwaru, kwaru... porooo, pu!

"Huyu hatufai."

"Tutarudi, mwalimu."

Njiani Semeni akasema, "Baba, magoti yananiuma. Mimi napenda kuchimba na mama."

"Kuchimba! Nani asiyejua kuchimba?"

Mkewe akamwambia, "Baba Semeni, mtoto huyu anaumwa nini hata tumtafutie dawa?" Ngiri akamrudisha jabalini.

Mara ya tatu Pimbi akajikuna shavu. "Hm. Labda. Lakini mzazi wa shule yetu hulinda mlango, mchana kutwa, meno nje."

"Nitalinda, mwalimu! Nitalinda!"

Pimbi akageukia pembeni akacheka, kwi kwi kwi. Chui alipokuja akayaona yale meno, akaondoka na njaa yake. Tangu siku hiyo ukoo mzima wa Pimbi ukaota jua bila wasiwasi.

Semeni akasoma. Akafundishwa kula amesimama. Akafundishwa kuingia pangoni kichwa mbele. "Kinyumenyume ni ushamba," alisema mwalimu. Akawa wa kwanza darasani, na baba yake akalinda mlango kifua mbele. Maskini.

Ikaja likizo. Semeni akarudi kwa mama yake, baba akabaki lindoni. Chui naye, tumbo tupu siku nyingi, akaifuata njia ya huko. Nyasi zikalia, chakacha! Mama akajitupa shimoni mwake kinyumenyume. Semeni akakimbilia shimo lake, akaingia kichwa mbele, vizuri kabisa.

"Geuka, mwanangu! Kinyumenyume!"

Sauti ikatoka ndani ya udongo, "Mama, nimesahau inaanzaje."

Chui akamshika mguu. Mama akatoka na meno yake, akakimbia, akakimbia, lakini Chui alikwisha kwenda naye.

Ngiri aliporudi, aliingiza kichwa katika lile shimo akaita, "Semeni! Semeni!" Akalia, akasema, "Sikumwuliza hata siku moja anapenda nini."

Pimbi akaja matangani, akainamisha kichwa. "Pole sana, mzazi. Alikuwa wa kwanza." Akajikuna shavu. "Je, mnatarajia mwingine? Maana nafasi ni chache."

Ngiri akafuta machozi, akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Msicheke. Mimi pia niliwahi kuuliza hivyo.

Basi funzo lake ni hili: shule nzuri ni ile inayomkataa mwanao. Ikimpokea mara moja, itilieni shaka. Ikimkataa mara mbili, msimwulize mtoto, mpelekeni mbio!

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.