Kengele ya Bi Dahabo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wakubwa, pakawa wadogo, na mwenye simu aizime.

Hapo zamani za kale, si kale sana maana watalii walikwisha fika, alikuwako Ngamia jike, Bi Dahabo. Shingoni alivaa kengele ya mti. Kong'o! Kong'o! Nchi ile ni vumbi tupu, mbele hakuonekani. Kundi zima hufuata kengele. Bi Dahabo akienda kisimani, wote kisimani.

Njiani ikajengwa hoteli ya mahema. Mlangoni akasimama Farasi, jina lake Fanusi, shanga nyekundu kifuani. Watalii wakampiga picha. Cha! Cha! Bi Dahabo akipita, wanaziba pua.

Moyo ukamchoma. "Ana nini yule? Mimi nina nundu. Yeye anayo?"

Akamwendea. "Shoga, tubadilishane, leo tu."

"Kengele kwa shanga?" Fanusi akacheka. "Lete upesi, kabla akili haijakurudia."

Mbuni, Afisa wa Mapambo wa hoteli, akagonga muhuri fomu tatu. Go! Go! Go! Ya nne akaimeza, ndiyo nakala ya ofisi.

Kengele ikaenda kwa Fanusi, na Bi Dahabo, shanga kifuani, akapigwa picha. Cha! Shingo ikarefuka.

Saa ya maji ikafika. Fanusi akaanza kazi yake: kuizunguka hoteli, mgeni mgongoni. Kong'o! Kundi likasikia, likafuata. Wakazunguka. Wakazunguka. Jua likapanda, wanazunguka.

"Njooni huku!" Bi Dahabo akaita. Nani ageuke? Hana kengele.

Pu! Ndama wake akaanguka, ulimi nje.

"Fanusi! Kengele yangu!"

"Fomu ya kurudisha ni siku saba," akasema Mbuni.

"Mwanangu hana siku saba!"

Akakata shanga kwa meno. Tiriri, mchangani! Mbuni akazikimbilia, akazimeza. Fanusi akainama, kengele ikavuka shingo. Bi Dahabo akaivaa, akamwinua ndama kwa pua.

Kong'o! Kundi likanyooka nyuma yake.

"Mnakwenda wapi?" akauliza Fanusi.

"Kisimani."

"Halafu?"

"Palipo na majani."

Fanusi hakuwahi kufika palipo na majani. Akawatazama mpaka vumbi likatulia, naye wivu ukamkaba, mkubwa kuliko wa Bi Dahabo.

"Haya, twende!" akasema mgeni mgongoni.

Akazunguka.

Basi funzo ni hili: kabla hujamwonea mtu wivu kwa anachovaa, muulize kwanza anakwenda wapi. Hadithi yangu imefika kisimani, ndama anakunywa. Nami naiacha hapo hapo.