Liwali na Farasi wa Bi Mwanaidi

Bi Mwanaidi na mumewe, Shembilu, walikuwa wakizalisha farasi nje kidogo ya mji, enzi za maliwali. Asubuhi moja, walipokuwa wakimpiga brashi Lulu, jike lao bora lililokuwa na mimba, Liwali alitokea na msafara wake.

"Nimempenda huyu," alisema. "Namchukua kwa manufaa ya umma."

Shembilu alimkumbatia Lulu shingoni. Mimba ile ndiyo ilikuwa tumaini lao lote. Lakini mkewe aliinama kwa adabu.

"Mchukue, Bwana wangu. Ila ujue jambo moja: tangu azaliwe, Lulu hajampiga teke mtu mwaminifu hata mmoja."

Liwali alikuwa ameshanyoosha mkono ashike kamba. Aliurudisha taratibu ndani ya joho. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanatazama.

"Karani, mshike wewe."

"Bega linaniuma, Bwana," alisema karani. "Mkuu wa askari atafaa zaidi."

Mkuu wa askari alikuwa ameshafika langoni.

Liwali alikohoa. "Nikimwangalia vizuri, ana miguu mifupi. Serikali haipokei farasi wa namna hii." Akageuka akaenda zake, na wenzake wakamfuata mbio.

Shembilu alimtazama mkewe kwa mshangao. "Lakini Lulu hajawahi kumpiga teke mtu yeyote, hata mwizi!"

"Ni kweli," alisema Mwanaidi, akiendelea kupiga brashi. "Liwali angeniuliza, ningemwambia."